Kabla ya Kuvunja Ukuta

Kazi huanza kwa kufuta. Ramani ya mji inapofika mezani imejaa majina ya barabara, namba za viwanja, miti, mabomba na nguzo za umeme. Mchambuzi huviondoa kimoja kimoja mpaka vibaki vitu viwili tu: majengo yaliyopakwa rangi nyeusi, na nyeupe iliyobaki katikati yao. Nyeupe hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ni kila mahali ambapo mtu anaweza kupita bila kubisha hodi wala kuruka ukuta: barabara, vichochoro, viwanja vya wazi, ngazi, njia za chini ya barabara. Msanifu majengo kwa kawaida hutazama nyeusi, kwa sababu ndiyo anayolipwa kuijenga. Fundi huyu hutazama nyeupe, na anaweza kuitazama asubuhi nzima kabla hajashika kalamu.

Ustadi wenyewe unaitwa sintaksia ya nafasi (space syntax). Ulikuzwa katika University College London kuanzia miaka ya 1970 na Bill Hillier, Julienne Hanson na wenzao, na kitabu cha msingi cha wawili hao, The Social Logic of Space, kilitoka mwaka 1984. Swali lao lilikuwa jepesi kuliuliza na gumu kulijibu. Kwa nini mtaa mmoja unajaa watu, na mwingine ulio nyuma yake, wenye upana uleule na nyumba zilezile, hupitiwa na paka tu? Wengi wangejibu kwa kutaja maduka, kipato cha wakazi au usalama. Wao walisema hayo yote yasubiri. Kwanza tuone mtaa huo umeunganaje na mitaa mingine yote.

Kabla ya kuunganisha, ramani lazima isahihishwe, na hapa ndipo mtu mwenye pupa hujulikana. Ramani huonyesha kichochoro kinachopenya. Ukifika, kuna geti linalofungwa saa kumi na mbili jioni. Ramani huonyesha ukuta. Ukifika, watu wametoboa tundu na wanapita na ndoo za maji vichwani. Kuna ngazi ambazo mpiga picha wa angani hakuziona kwa sababu ya mti. Kila tofauti ya namna hii huandikwa, kwa sababu njia moja iliyosahaulika inaweza kupotosha hesabu ya mtaa mzima.

Kisha kuna suala la mpaka. Barabara iliyo ukingoni mwa ramani huonekana kama haiendi popote, kumbe inaendelea hadi kitongoji cha pili. Ni karatasi tu iliyokwisha. Kwa hiyo hata kama kinachosanifiwa ni kiwanja kimoja, ramani huchorwa kilomita kadhaa kukizunguka. Mchambuzi hutumia siku nyingi kuchora mitaa ambayo hatapendekeza lolote juu yake, ili tu ile michache ya katikati isomeke sawasawa.

Sasa rula. Huwekwa mdomoni mwa kichochoro, kisha huzungushwa taratibu hadi ukingo wake uguse kona ya nyumba ya kushoto, na mbele kidogo uguse kona ya nyumba ya kulia, na usukumwe hadi ugote ukuta. Huo ndio mstari mrefu kuliko yote unaoweza kuonwa na kutembewa bila kukunja kona. Unachorwa. Kisha unatafutwa unaoufuata kwa urefu, na mwingine, mpaka nyeupe yote iwe imeguswa na kila mzunguko wa nyumba uwe umefungwa na njia zinazouzunguka. Kanuni ni moja: mistari iwe mirefu kadiri inavyowezekana na michache kadiri inavyowezekana.

Kuisema kanuni hiyo ni rahisi. Kwenye karatasi, mtaa uliopinda kidogo humpa mchoraji mtihani: je, ni mstari mmoja au miwili? Husogeza rula milimita moja, na mstari uliokuwa unagota kibarazani unapenya hadi sokoni. Husogeza tena, unagota. Kabla kompyuta hazijaenea, haya yalifanywa kwa mkono, juu ya karatasi nyembamba inayoonyesha ramani iliyo chini yake. Aliyechora kwa njia hiyo aliujua mji kona kwa kona hata kama hajawahi kuukanyaga, na sina hakika kama anayebonyeza kitufe leo anaujua vivyo hivyo.

Hillier na Hanson waliionyesha kazi hii kwa kutumia Gassin, kijiji kilicho juu ya kilima kusini mwa Ufaransa. Kwanza waligawa nyeupe yote ya kijiji katika vipande ambavyo watu wawili, popote watakaposimama ndani ya kipande kimoja, wataonana. Kisha wakapitisha mistari. Gassin ina majengo 125. Vipande vilikuwa 114, karibu kimoja kwa kila jengo, kwa sababu njia za kijiji hupanuka na kubana kila baada ya hatua chache. Lakini mistari iliyotosha kuvipitia vyote ilikuwa 41 tu. Mgeni anayefika hapo huona kijiji kimejengwa bila mpango. Tofauti ya hesabu hizo mbili inaeleza kwa nini hapotei: kila anaposimama yuko katika kipande kidogo chenye milango ya watu, na wakati huohuo macho yake yanaona mbali, hadi vipande viwili vitatu mbele. Hakuna aliyeichora Gassin hivyo mezani. Wajenzi wake walikuwa wakiacha tu mahali pa kupita, nyumba baada ya nyumba.

Mistari ikishakamilika, hesabu huanza. Ukitaka kuielewa, chukua kalamu uchore mtaa mdogo wenye njia tano. Kuna barabara ya lami, tuiite A. Kutoka A, upande mmoja, kunaingia kichochoro C ambacho mwisho wake umefungwa. Upande wa pili A inakutana na njia B. Kutoka B kunaingia D, na kutoka D kunaingia E, nayo mwisho wake umefungwa. Kila unapohama kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, hiyo ni hatua moja. Simama kwenye E: kufika D ni hatua moja, B mbili, A tatu, C nne. Jumla ni 10. Simama kwenye A, ile ya lami: B moja, C moja, D mbili, E tatu. Jumla ni 7. Sasa simama kwenye B: A moja, D moja, C mbili, E mbili. Jumla ni 6. Iliyo karibu zaidi na njia zote si ile ya lami. Ni B, ambayo pengine haina hata kibao cha jina.

Kati ya mwisho wa E na mwisho wa C, tuseme, kuna ukuta wa matofali. Uvunje, kwenye karatasi tu. Njia zote tano sasa zimekuwa duara: kila moja ina majirani wawili kwa hatua moja na wawili kwa hatua mbili. Hesabu tena. Kila njia ina jumla ya 6. C na E zimeshuka kutoka 10, A na D zimeshuka kutoka 7, na B imebaki palepale na hesabu yake lakini imepoteza ukuu wake. Nyumba haikubomolewa hata moja. Mwenye duka la B, akipata habari, ana sababu ya kukosa usingizi, na mwenye nyumba wa E ana sababu ya kufikiria kufungua genge.

London ina makumi ya maelfu ya mistari, na hakuna mtu wa kuhesabu hatua hizo kwa kidole. Kompyuta zilichukua sehemu hiyo. Programu iliyotumika sana, Depthmap, iliandikwa na Alasdair Turner akiwa University College London. Inafanya kile ulichofanya sasa hivi, kwa kila mstari dhidi ya kila mstari mwingine, kisha inarekebisha matokeo ili kijiji kidogo kiweze kulinganishwa na jiji kubwa. Mwishoni inaupaka kila mstari rangi. Nyekundu ni ile iliyo karibu na nyingine zote. Inafuata ya machungwa, njano, kijani, na bluu kwa zile zilizojificha ndani kabisa.

Miaka ilivyosonga kipimo kikanolewa. Mistari ilikatwa vipande katika kila njia panda, na hatua zikaanza kupimwa kwa pembe: ukiendelea mbele moja kwa moja hulipi kitu, ukikunja kona kamili unalipa 1, ukikunja nusu yake unalipa nusu. Ni haki, maana mtu anayetembea hahisi mpindo mdogo wa barabara, ila huhisi kugeuka. Uliongezwa pia umbali. Mtaa huohuo hupimwa ndani ya mita 400, kisha 800, kisha kilomita kadhaa, na rangi yake inaweza kubadilika kabisa. Barabara kuu ya magari huweza kuwa nyekundu kwenye kilomita tano na kupoa kwenye mita 400, kwa sababu hakuna anayeishi karibu nayo anayeihitaji kwenda kununua mkate. Na kuna kipimo cha pili kando ya ukaribu: ni mara ngapi mtaa huangukia katika safari za watu wanaotoka kwingine kwenda kwingine. Kuna mitaa ya kufikia na kuna mitaa ya kupitia. Anayeichanganya atajenga kituo cha basi penye kimya na shule penye vurugu.

Mtu angeweza kuishia hapo, akachapisha ramani yake yenye rangi na kuitundika ukutani. Fundi hawezi. Anachukua ubao wa kuandikia, saa na kalamu, anatoka.

Kazi ya nje haina mapambo yoyote. Mhesabuji husimama pembeni mwa njia, huwaza mstari unaoikata njia hiyo kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa dakika tano huhesabu kila anayeuvuka, kwa pande zote mbili. Wanaume, wanawake, watoto, wenye mizigo, wageni wenye kamera, kila kundi na safu yake. Dakika tano zikiisha, anakwenda kituo kinachofuata. Akimaliza vituo vyote anarudi cha kwanza na kuanza upya: asubuhi watu wanapokwenda kazini, mchana wanapotafuta chakula, jioni wanaporudi, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Zipo dakika tano ambazo hapiti mtu. Nazo zinaandikwa: sifuri. Mtu asiye na subira hushawishika kuiruka sifuri, kumbe sifuri ndiyo inayosema kichochoro kimekufa.

Kando ya kuhesabu wanaopita, kuna kuwachora walioketi. Mchoraji huingia uwanjani na ramani ya uwanja huo, na kwa kupepesa macho mara moja huweka alama ya kila mtu pale alipo: huyu amesimama, huyu ameketi kwenye ukingo wa chemchemi, hawa wawili wanazungumza. Na kuna kufuata. Mfuataji huchagua mpita njia, humfuata kwa mbali bila kumsumbua, na kuichora njia yake kwenye karatasi hadi atoke nje ya eneo. Njia hizo zikiwekwa juu ya nyingine, kitu hujitokeza ambacho hakuna mpita njia hata mmoja angeweza kukueleza, kwa sababu kila mmoja alijua safari yake tu.

Rangi zilizotoka kwenye kompyuta na namba zilizotoka barabarani huwekwa pamoja, na katika miji mingi zimelingana kwa kiasi cha kushangaza. Mwaka 1993 Hillier na wenzake waliieleza sababu. Mpangilio wa njia wenyewe, kabla ya duka lolote, tayari unawagawa wapita njia: mitaa fulani huwapata wengi kwa sababu tu iko katikati ya safari za wengi. Maduka huja baadaye na kufuata watu hao, kisha maduka huita watu zaidi. Mmachinga wa Kariakoo hatashangaa. Anapotandika turubai lake kwenye kona hii na si ile iliyo mita thelathini mbele, na kukubali kufukuzwa na kurudi, ameshafanya hesabu hiyo kwa miguu na macho yake. Kinachoongezwa na mchambuzi ni kwamba yeye anaweza kuhesabu kona ambayo bado haijajengwa.

Hapo ndipo usanifu unapoingia, na mfano ninaoupenda ni Trafalgar Square, katikati ya London. Kiwanja hicho kilifunguliwa mwaka 1844 kwa usanifu wa Charles Barry. Kaskazini kuna jengo la National Gallery, lililo juu kidogo. Kusini kuna mnara wa Nelson, wenye urefu wa takriban mita 52, na nyuma yake barabara ya Whitehall inateremka kuelekea Bunge. Kwa kuwa ardhi inainama, Barry aliweka ukuta mrefu wa mawe kati ya sehemu ya juu na kiwanja cha chini, na ngazi akaziweka pembeni, mashariki na magharibi. Karne ya ishirini ikaleta magari, yakakizunguka kiwanja pande zote. Kufikia miaka ya 1990 lilikuwa eneo ambalo dunia nzima inalijua kwa picha, lakini ukitaka kuingia katikati yake ilikuwa lazima uvuke barabara kwanza.

Wasanifu majengo wa Foster and Partners walipewa kazi ya kuandaa mpango wa eneo lote, kuanzia Trafalgar Square hadi Parliament Square, na wachambuzi wa Space Syntax, kampuni iliyotokana na University College London, wakaitwa kusoma mienendo ya watu. Walihesabu. Walifuata. Walichora. Mambo mawili yakajitokeza. La kwanza, wakazi wa London walikuwa wanakiepuka kiwanja: walipita ukingoni, wakazunguka, hata pale ambapo kukata katikati kungekuwa njia fupi. La pili, watalii waliofika Trafalgar Square hawakuwa wanatembea hadi Parliament Square, ingawa mnara wa saa wa Bunge wanauona kwa macho yao mwisho wa Whitehall.

Angalia jambo hilo la kwanza kwa macho ya mwenye rula. Mtu wa wakati huo anatoka National Gallery. Anasimama juu, anaona kiwanja, chemchemi, mnara, Whitehall yote. Macho yake yamefika. Miguu haiwezi: mbele yake kuna barabara yenye magari, kisha ukingo wa ukuta, na ili ashuke lazima aende hadi kona. Aliye chini, kwa upande wake, anaona ukuta. Mstari wa macho na mstari wa mguu, ambayo katika mtaa wa kawaida ni kitu kimoja, hapa ilikuwa imetenganishwa. Na kwa kuwa mistari mirefu yote ya kutembea ilipita pembeni, watu nao walipita pembeni.

Tiba iliyopatikana inaweza kuelezwa kwa sentensi mbili. Barabara iliyokuwa mbele ya National Gallery ifungwe kwa magari, iwe ya waendao kwa miguu. Ukuta wa Barry ukatwe katikati, na hapo ziwekwe ngazi pana zinazoteremka moja kwa moja hadi kiwanjani. Wachambuzi waliiingiza ngazi hiyo katika mchoro wao kabla haijawa jiwe na kuona mistari inavyopangika upya, kama ulivyofanya wewe kwa C na E. Kukata ukuta wa kihistoria uliosimama kwa zaidi ya miaka 150 si jambo ambalo Waingereza hulikubali kwa sababu msanifu ameona itapendeza. Ilihitaji kuonyeshwa, kwa namba, watu wanapita wapi na kwa nini hawapiti katikati.

Kazi ilikamilika mwaka 2003. Wachambuzi wakarudi na kalamu zao na kuhesabu tena, jambo ambalo katika usanifu ni nadra kuliko inavyopaswa. Wasanifu wengi hupiga picha siku ya ufunguzi na kuondoka. Space Syntax wanasema idadi ya watu wanaokitumia kiwanja iliongezeka mara 13. Binafsi naipokea namba hiyo kwa heshima na kwa tahadhari kidogo. Ngazi haikuja peke yake: barabara ilifungwa, mkahawa na vyoo vikawekwa, lifti za wenye ulemavu zikawekwa, na mwaka huohuo ikapigwa marufuku kuwalisha njiwa ambao walikuwa wamekitawala kiwanja kwa vizazi. Kutenga mchango wa kila kimoja ni kazi ngumu. Lakini nenda siku yoyote isiyo na mvua utazame ngazi yenyewe. Watu hawaipiti tu. Wameikalia, wakila, wakiwasubiri wenzao, wakiangalia kusini, na bado katikati kunabaki nafasi ya wanaoshuka.

Lile tatizo la pili, la watalii kutofika Bungeni, lilibaki. Sehemu ya mpango iliyohusu Parliament Square haikujengwa. Mwaka 2008 meya wa wakati huo, Boris Johnson, aliisitisha.

Ustadi huu una wapinzani, na ni vizuri. Mwaka 2004 mtafiti Carlo Ratti aliandika kwamba mistari hiyo ina udhaifu: badilisha kidogo sana mwelekeo wa mitaa fulani, mstari mmoja mrefu hukatika ghafla kuwa mingi, na hesabu inaruka wakati mji wenyewe haujabadilika kiasi hicho. Hillier na mwenzake Alan Penn walimjibu mwaka huohuo. Wengine husema ramani hizi hazioni urefu wa majengo wala bei ya ardhi. Ni kweli, na mchambuzi mwaminifu hasemi vinginevyo. Mstari mwekundu hausemi kwamba mtaa utastawi. Unasema tu kwamba mpangilio wa njia hauuzuii. Kama polisi wanafukuza kila anayesimama hapo, au jua la mchana halina kivuli, utabaki mwekundu na mtupu.

Nje ya Ulaya kazi iliyonivutia zaidi ni ya Jeddah, mji unaojulikana na kila Mswahili aliyekwenda Hija. Miaka ya 2000 Space Syntax walisoma mitaa ya mji huo iliyojengwa bila mpango. Kwenye ramani ya kawaida mingi ilikuwa karibu na katikati ya mji. Kwenye mistari ilikuwa mbali sana: ukiingia ndani yake unakunja kona, unakunja tena, na barabara kubwa zilizoizunguka hazikuwa na njia iliyopenya. Njia iliyozoeleka ingekuwa kubomoa na kuanza upya. Wao walitafuta ndani ya mitaa hiyo zile njia chache ambazo tayari wakazi walikuwa wanazitegemea, wakapendekeza zinyooshwe na kuunganishwa na barabara kubwa, biashara zijipange kandokando yake, na nyumba nyingi iwezekanavyo zibaki na watu wake.

Aliyeishi Manzese au Tandale anaijua hali hiyo bila kuonyeshwa rangi. Anaijua pia namna sisi tunavyoianza kazi: anakuja mtu na kopo la rangi, na X nyekundu inaonekana ukutani. Barabara imeamuliwa mahali pengine, kwa rula iliyonyooshwa kati ya pointi mbili, na hakuna aliyesimama dakika tano kuhesabu wanaopita.

Vifaa vya kufanya tofauti havina gharama kubwa. Programu ya Depthmap iliachiwa umma na inaendelezwa kwa jina la depthmapX. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ubao wa kuandikia, kalamu na saa vinapatikana. Mwanafunzi wa mipango miji wa Chuo Kikuu Ardhi au wa Nairobi anaweza kuchukua kata moja, akaisahihisha ramani yake kwa miguu, akachora mistari, akahesabu watu asubuhi, mchana na jioni, na kuandika sifuri zake bila aibu. Halmashauri nazo ziidai kazi hiyo kwa mkandarasi na kwa mpangaji, iwe mezani kabla ya kopo la rangi nyekundu kufunguliwa.